Wa Mwisho Kwenye Benchi

Mliponiandalia ile hafla ya kuniaga, mkanipa saa ya ukutani na vitenge viwili, mmoja wenu alisimama akasema ningefaa kuandika kitabu. Kitabu siandiki. Lakini nakumbuka wakati wa korona, chumba chetu kilipofungwa nusu na mkawa mnabishana nani apimwe na nani arudishwe nyumbani, mlinijia mkaniuliza, "Mama, zamani mlikuwa mnapangaje?" Niliwajibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na kazi. Sasa sina kazi. Mchicha wangu unamwagiliwa asubuhi na jioni, na hapo katikati ninakaa tu. Basi leo nitawajibu vizuri, na jibu lenyewe halifurahishi.

Niliingia chumba cha kamera, ile ya kupimia matumbo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa muuguzi mpya kabisa. Mwanza ilikuwa inafunguka. Maduka ya Mirongo ambayo nilipokuwa shule yalikuwa na rafu tupu sasa yalijaa redio na mitumba, viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni, na kila mwenye pikapu alijiita mfanyabiashara. Hospitalini kwetu huko kufunguka kulifika kwa namna yake. Kitu ambacho zamani hakikuwepo kabisa sasa kilikuwepo, ila kilikuwa dukani kwa mtu.

Siku ya kwanza nilivaa gauni jeupe nililolipiga pasi mara mbili na viatu vyeupe ambavyo mama alininunulia Bukoba. Mkuu wa chumba alikuwa Sista Mbuke, mwanamke wa Kisukuma, mpana wa mabega, aliyetembea mikono ikiwa nyuma kama mwalimu wa zamu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Jina?"

"Adventina, Sista."

"Wa Bukoba." Hakuuliza, alisema. "Basi Kiingereza chako kiache hapo mlangoni. Humu tunaongea na matumbo, na matumbo ya huku yanajua Kisukuma tu."

Alinipa aproni ya plastiki nikaikataa kwa adabu, kwa kuwa ilikuwa na madoa na mimi nilikuwa msafi. Hakunilazimisha. Kabla ya saa ya chai viatu vyangu vilikuwa vimebadilika rangi, na mgonjwa aliyevibadilisha alikuwa ananiomba radhi huku mate yakimtoka. Sista Mbuke aliniambia nisivitupe, kwamba sasa vimekuwa viatu vya kazi.

Ninyi mmezoea skrini, mnasimama watu sita mnaangalia tumbo la mtu kama mpira wa miguu. Kamera yetu ilikuwa bomba jeusi linalopindika, nene kama kidole, na taa mbele na tundu la kuchungulia nyuma. Daktari wetu, Majura, alifumba jicho moja na kuchungulia kwa jingine, na sisi wengine tulisoma majibu usoni kwake. Wagonjwa hawakuiita kamera. Waliiita mpira, na kupimwa waliita kumezeshwa mpira. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba za kioo, na mgonjwa aking'ata, uzi unakatika na daktari anabaki na kitone cheusi mbele ya jicho lake milele. Sisi tuliipokea ikiwa imetumika nchi nyingine mpaka wakaichoka, kwa hiyo ilikuja na vitone vyake tayari. Daktari Majura alisema akistaafu ataviota.

Sista Mbuke alinifundisha kwamba kazi ya muuguzi ni kichwa. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, kizuizi cha meno kiwe mdomoni, mkono wako mmoja kwenye kisogo, mwingine chini ya kidevu, na mdomo wako karibu na sikio lake. "Usimwambie haitauma," alisema. "Atajua wewe ni mwongo, atang'ata. Mwambie itakera, itakwisha, na mimi niko hapa." Mpaka nastaafu sikupata maneno bora kuliko hayo. Alinifundisha pia kupima kama bomba limetoboka: unalijaza upepo, unalizamisha majini, unatafuta mapovu, vilevile fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Bomba likiwa na tundu, maji yanaingia kwenye nyuzi na kamera inakufa, na hapakuwa na nyingine kuanzia hapo mpaka Dar es Salaam.

Na kuosha. Hapa naomba msikilize, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana na kuosha. Mgonjwa akitoka, unapitisha brashi ndefu ndani ya bomba, sabuni, maji, halafu unalilaza kwenye beseni la dawa ya kuulia vijidudu. Dawa ile ilichoma macho na kukaba koo, tulikuwa tunakohoa mpaka nyumbani. Ilikuja kwa madumu kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar, na ilikuja pale yeye alipopenda. Ukishaichanganya inaanza kupoteza nguvu, na sisi tuliendelea kuitumia hata ilipokuwa imekwisha kufa. Kulowesha kikamilifu kulikula muda mrefu. Ukilowesha hivyo kwa kila mgonjwa, asubuhi nzima unapima watu wachache mno, na nje benchi limejaa mpaka mlangoni kwa wenye vidonda.

Sasa hao wa kwenye benchi walikuwa nani? Mwenye maumivu ya tumbo ya miaka mingi, huyo alikuwepo siku zote. Mzee ambaye ugali haupiti. Na wale wa kutapika damu, wengi vijana, wavuvi na wakulima wa mpunga wa pembeni mwa ziwa. Kichocho walichokipata utotoni kwa kuogelea kiliwaharibu ini taratibu, bandama likavimba, mishipa ya kooni ikajaa kama matuta, na siku moja kijana anakula chakula cha jioni vizuri tu halafu anatapika beseni zima la damu. Wa ng'ambo, kutoka Sengerema na visiwani, walilala Busisi wakisubiri kivuko, kwa maana usiku hakivuki. Waliovumilia mpaka alfajiri walivushwa mpaka Kigongo na kufika kwetu asubuhi wakiwa wamelazwa nyuma ya pikapu. Kwa hiyo hatukuweza kupanga benchi kwa uhakika kabla watu wa kivuko cha kwanza hawajafika. Wa damu akifika, wote wanasogea.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza na haikuwa na ubishi. Damu kwanza, halafu asiyemeza, halafu maumivu ya tumbo. Kanuni ya pili ililetwa na Ukimwi.

Ninyi mliouona Ukimwi wakati dawa zipo hamwezi kujua ulivyokuwa. Mimi nimetoka Kagera, ambako ulianza kutumaliza mapema, wakati bado watu wanauita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo, na kusema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana mpakani. Nilizika kaka zangu wawili kabla sijamaliza chuo. Kwenye mazishi ya Fredi, mkubwa, wasifu wa marehemu ulisema aliugua malaria, na sote tuliokuwa pale tukaitikia kwa vichwa tukiwa na akili zetu timamu. Nilipohamia Mwanza nilidhani nimeukimbia. Ulinikuta kwenye benchi.

Walikuja wembamba, nywele zimelainika, midomo ina utando mweupe, na kooni kumejaa fangasi hata maji yanawachoma. Walikuwa wengi kuliko wagonjwa wote wengine tukiwajumlisha. Daktari Majura, ambaye alikuwa mtu wa haki, aliona kwamba tukiwapima wote, kamera itatumika kuwaona fangasi ambao hata kwa macho ya kawaida wanaonekana. Akaamua hivi: mwenye utando mdomoni apewe vidonge vya fangasi aende nyumbani, na asipopata nafuu ndipo arudi tumpime. Ulikuwa uamuzi mzuri na hata leo ningeuunga mkono. Lakini wapo waliorudi, na hao tuliwapima wa mwisho. Tuliogopa kamera ikishawapita haitatakata sawasawa kwa dawa yetu ile dhaifu na muda wetu ule mfupi. Wa mwisho akimaliza, kamera inalazwa kwenye beseni mchana kutwa. Siku hizi mnafundishwa kuosha kifaa kama vile kila mgonjwa ana kila kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Sisi tulikuwa na dumu moja.

Aliyepanga benchi ni Sista Mbuke. Kila asubuhi alipita mbele yao mikono nyuma, akatazama viganja, akatazama nywele, akasema, "Fungua mdomo, baba," halafu kwa vidole viwili akamwonesha mtu pa kukaa. Hakumdhalilisha yeyote kwa maneno. Hapakuwa na haja. Ndani ya miezi michache Mwanza nzima, kuanzia Kirumba mpaka Igoma, ilijua maana ya kukaa mwisho wa benchi la chumba cha kamera. Jirani aliyekuja kumwona mgonjwa wa wodi nyingine alipitia kwetu kwanza, kuangalia nani kakaa wapi.

Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni alikuja hamezi hata uji. Sista Mbuke alipomsogeza mwisho, yule mama alisimama, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nina wateja, Sista," akaondoka. Nilimkimbilia mpaka getini. Alinipungia mkono bila kugeuka. Hatukumwona tena, wala sikuwahi kujua alikuwa na nini kooni.

Jioni ile nilimwambia Sista Mbuke kwamba tunawahukumu watu kwa benchi. Alikuwa anasuuza brashi. Alisema, "Adventina, nipe beseni la pili na dumu la pili nitawakalisha kwa alfabeti. Huna? Basi kaa kimya tuoshe." Nilikasirika naye wiki nzima. Nilimpenda, lakini nilikasirika, na yeye alijua akaniachia hasira zangu niwe nazo.

Kiangazi kilichofuata nikaanza kuona jinsi anavyokula. Saa ya chai alikuwa mtu wa mandazi mawili, akiyameza kama vidonge. Sasa alilichovya andazi kwenye chai mpaka lilegee, akatafuna muda mrefu akitazama dirishani, akabakiza. Baadaye akaacha andazi, akawa analeta uji kwenye chupa. Mkanda wa gauni lake ulisogea tundu moja, kisha akatoboa jingine kwa mkasi wa kukatia bandeji. Siku moja nilimkuta peke yake chumbani ameshika kioo kidogo, amefungua mdomo kuelekea kwenye mwanga, anajitazama.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Sioni kitu. Lakini mwanzoni kwa wengine pia hakionekani."

Nilielewa. Mume wake alikuwa dereva wa lori, njia za Isaka na mpakani Rusumo, na mwaka uliotangulia alipata mkanda wa jeshi, ule upele wa moto unaozunguka ubavu, ambao kwa miaka ile ulitosha kumfanya mtu aandaliwe kaburi. Upele ulipona, mume akanenepa, akaendelea na safari zake. Sista Mbuke yeye hakuusahau. Alipoanza kushindwa kumeza, hakujiuliza ana nini. Alijipa vidonge vya fangasi mwenyewe kama kanuni ilivyosema, akasubiri nafuu.

Nafuu haikuja. Nilimwambia aingie apimwe, kwa sababu mtumishi hapangi foleni, hiyo ni desturi ya hospitali zote na wala hakuna anayeionea aibu.

"Niingie badala ya nani?" akaniuliza.

"Badala ya yeyote."

"Halafu kamera ikishanipita mimi, unampa nani baada yangu? Yule mtoto wa shule mwenye kidonda? Mimi nimewaweka watu mwisho, binti. Nikiingia, naingia mwisho."

Daktari Majura alimwita ofisini wakaongea mlango umefungwa. Alitoka Daktari akiwa na uso wa mtu aliyeshindwa kesi. Yeye mwenyewe aliamini ni ule ugonjwa, na mimi niliamini hivyo, na pale hospitalini nadhani hata wafagizi waliamini hivyo. Ukishaona kitu kimoja kila siku kwa miaka, macho hayatafuti tena kingine.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yameharibika. Alinisimulia kwa vipande vipande, tukiwa tunaosha. Wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa amehamia pale kutoka Kisesa kusaidia, alikuwa amemtengea kikombe na sahani na kijiko, akaviweka kwenye kikapu peke yake. Watoto waliona. Binti yake mkubwa, Kabula, alikuwa amechumbiwa na kijana mwalimu, ng'ombe wa mahari wameshakubaliwa, na ghafla washenga wakaacha kuja. Hawakuvunja uchumba, ila hawakuja tena. Mtu alikuwa amewaambia kwamba nyumba ile imeingiliwa.

"Kufa nitakufa," Sista Mbuke alisema. "Hilo sina neno nalo. Lakini mtoto wangu atakaa nyumbani na jina langu mpaka lini?"

Nilikumbuka malaria ya Fredi na nikaona kumbe mama yetu hakudanganya kwa ujinga. Alikuwa na mabinti watatu wa kuozesha.

Siku alipokubali, alikuja bila gauni la kazi. Alivaa kitenge cha kijani na kilemba, akapita mbele ya benchi lote, akaenda kukaa mwisho. Watu waliomfahamu walisimama kumpisha, akawaambia wakae. Mimi ndiye niliyekuwa nimepanga benchi asubuhi ile, kwa mara ya kwanza. Tulipofika katikati akaletwa mvuvi wa ng'ambo, kijana mwenye misuli kama kamba, akitapika damu iliyoganda. Daktari aliingiza kamera, mimi nikawa navuta dawa ya kugandisha mishipa kwenye sindano, na kichwa cha kijana hakikuwa na mtu wa kukishika. Mlango ukafunguliwa. Sista Mbuke aliingia na kitenge chake, akakishika kichwa kile, mkono kisogoni, mkono kidevuni. "Itakera, itakwisha, na mimi niko hapa," alimwambia kwa Kisukuma. Kijana alitulia. Damu ikasimama. Halafu umeme ukakatika, kama ulivyokuwa ukikatika mwaka ule wote, na Sista Mbuke akaenda nyumbani na damu ya mtu kwenye kitenge, bila kupimwa.

Alirudi akakaa mwisho tena, na tena hatukumfikia. Mara ya kwanza nilisikitika. Safari hii nilikasirika, nikamkasirikia yeye, na daktari, na mfanyabiashara wa Dar na madumu yake, na hata wale waliokuwa wanatapika damu, Mungu anisamehe.

Mwishowe Daktari Majura alitoka mwenyewe mlangoni asubuhi moja kabla ya kivuko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mbuke, ingia," alisema. Yeye akaanza kutikisa kichwa. "Nimesema ingia. Kamera italoweka mpaka ikome, na wote watasubiri. Atakayekufa nitajibu mimi." Kwenye benchi mtu mmoja alinung'unika kwamba watumishi wanajuana. Sista Mbuke alisimama kwa kushika ukuta. Kwa mbali, dirishani, alikuwa amesimama wifi yake na mwanamke mwingine ambaye baadaye nilijua ni shangazi wa yule kijana mwalimu. Walikuwa wamekuja kuona atakaa wapi.

Nilikishika kichwa chake mimi. Kilikuwa chepesi. Nilimwambia maneno yake mwenyewe sikioni na akanifinya mkono, sijui kwa kunikubali au kwa kunikosoa. Kamera iliingia kidogo, ikagoma. Daktari alijaribu tena taratibu, ikagoma palepale. Nilimtazama usoni, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa skrini yetu, na niliona anachungulia muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaomba koleo la kukatia kinyama. Hakukuwa na utando mweupe. Koo lilikuwa safi mpaka pale chini, na hapo kulikuwa na uvimbe umeota umeziba njia.

Kipande tulikituma kupimwa na majibu yalichukua wiki kadhaa kurudi, lakini Daktari Majura hakuyasubiri. Alivua glavu, akavuta kiti, akamwambia hapohapo. Koo la Sista Mbuke lilikuwa bado limekufa ganzi, aliongea kama mlevi.

"Si ule?"

"Si ule, Mbuke. Ni saratani."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka kupitia pembeni yakaingia masikioni. Nilidhani analia kwa huzuni nikaanza kumbembeleza, akanisukuma mkono. Alikuwa anacheka. Sijawahi kuona uso wake umefunguka vile, wala kabla wala baada ya siku ile.

"Nenda nje," aliniambia. "Kawaambie. Sema kwa sauti wasikie wote."

Nitasema mwisho wake hapahapa nimalizane nao, kwa maana siupendi. Daktari Majura alimpitishia mrija, akawa anakunywa maziwa na uji mwepesi. Kupelekwa Dar kulizungumzwa mpaka kukachelewa. Kabula aliolewa, na mama yake alikaa kwenye kiti cha mbele amevaa vizuri, hakula chochote. Alifariki kabla ya mavuno. Makaburini msoma wasifu alipofika kwenye ugonjwa alisimama, akavuta pumzi, akasema "saratani ya koo," kisha akarudia. Damu yake hakuna aliyeipima, na hakuna aliyetaka ipimwe. Jina la saratani lilitosha. Kama tungemwingiza ule mwezi wa mandazi, sijui. Daktari Majura aliniambia mara moja tu kwamba pengine ungekuwa uvimbe mdogo wa kukatwa, kisha hakuligusa tena jambo lile, na mimi sikumgusia.

Na kanuni ya mwisho wa benchi tuliifuta, lakini si kwa sababu tulipata utu. Tuliifuta madumu yalipoanza kuja ya kutosha na tukapata kamera ya pili. Msije mkaambiwa vingine.

Lakini asubuhi ile nilitoka nje kama nilivyotumwa. Kamera nilikuwa nimeilaza kwenye beseni, macho yananiwasha. Benchi lilikuwa limejaa kama nilivyolipanga mwenyewe: mama wa maumivu ya tumbo mbele, wazee wawili, mtoto wa shule, na mwisho kabisa kijana fundi cherehani wa Sengerema aliyejifunga leso mdomoni. Kaka aliyemsindikiza alikuwa amesimama mbali naye, karibu na ngazi. Wifi aliacha dirisha akanijia mbio, shangazi wa bwana harusi nyuma yake.

"Tuambie, Sista. Ni kile?"

Nilisema kwa sauti, kama alivyotaka. "Si kile. Sista Mbuke ana saratani ya koo."

Wifi aliinua mikono yote miwili. "Asante Yesu!" alisema, na kabla sijamzuia akapiga kigelegele kirefu kilichopenya wodi zote mbili. Shangazi wa bwana harusi akaitikia kwa chake. Walikumbatiana pale koridoni, wanalia, wanachezesha mabega. Mama wa maumivu ya tumbo alipiga makofi. Mzee mmoja, ambaye hakusikia vizuri, aliniuliza kwa furaha kama mgonjwa amepona, na watu wa wodini wakatoka kuchungulia harusi ni ya nani.

Yule fundi cherehani hakupiga makofi. Alishusha leso yake taratibu, nikaona midomo ilivyochanika na utando ulivyojaa. Alinitazama mimi, si wale wanawake.

"Heri yake," alisema.

Vigelegele vilikuwa vinaendelea. Nilitaka kumshika mkono nimwingize yeye. Kisha nikamwita mama wa maumivu ya tumbo ajiandae, kwa sababu ndiye aliyekuwa anafuata.